Mwanangu, Jumatatu usicheze kwanza

Neema mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, na huku sote wazima. Bibi anakusalimu.

Unasema uvimbe wa kifundo cha mguu umeshuka, huchechemei tena, na mwalimu wa michezo amekuweka kwenye mazoezi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kuanzia Jumatatu. Nimefurahi kwamba uvimbe umeshuka. Ya Jumatatu sikubali, na nakueleza sababu kwa sababu najua unavyoipenda netiboli.

Ulipotua vibaya, wayo uligeukia ndani, na kano zinazoshikanisha mifupa upande wa nje wa kifundo zikavutika hadi nyuzi zake kuchanika. Maumivu ya jeraha la namna hii mara nyingi hutulia ndani ya wiki chache, lakini kano huendelea kujijenga kwa miezi. Tena ndani ya kano mna neva zinazoupa ubongo habari ya jinsi wayo ulivyokaa. Neva hizo zikiumia, habari huchelewa, na misuli ya pembeni mwa ugoko, ambayo kazi yake ni kuuzuia wayo usigeuke, hushtuka mguu ukiwa umeshakwenda. Ndiyo maana mtu huteguka tena palepale. Wagonjwa wa namna hiyo nawapokea kila mara kazini, vijana kabisa, wanaoshuka ngazi wakiwa wameshika ukuta. Wengi wao hawakuvunjika mfupa wowote. Maumivu yaliisha, wakadhani wamepona, wakarudi uwanjani.

Na mchezo wako ni mgumu kwa kifundo kuliko michezo mingi. Unadaka mpira hewani, unatua, na sheria inakutaka usimame hapohapo. Mwendo wako wote unabebwa na mguu mmoja.

Ulilalamika kwamba zahanati hawakukupiga picha ya eksirei. Muuguzi alikubonyeza kwenye mifupa ya kifundo, huku na huku, na kwenye mifupa ya wayo, kisha akakuambia utembee hatua nne. Hizo ni kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na zinatumika nchi nyingi. Mfupa hukuuma alipobonyeza, na kutembea uliweza, basi picha haikuhitajika. Alifanya kazi yake vizuri.

Bibi alitaka uchuliwe kwa mafuta ya moto. Siku za mwanzo kuchua kwa nguvu kungezidisha uvimbe, kwa hiyo matroni alifanya vyema kukufunga bandeji na kukuwekea barafu juu ya kitambaa. Likizo bibi akikuchua taratibu hakuna ubaya, ila kuchuliwa hakurudishi nguvu ya misuli.

Nguvu hurudishwa na mazoezi ya kila siku. Simama mbele ya ukuta, wayo wote chini, usogeze goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Rudisha mguu nyuma kidogokidogo, ulinganishe na mguu usioumia. Chukua kipande cha tyubu ya baiskeli, kifunge kwenye mguu wa kitanda, uvute wayo kwenda nje polepole na kuurudisha polepole. Nyanyuka kwa vidole, kwanza miguu yote miwili, baadaye mguu huo peke yake.

Lakini zoezi nisilotaka uliruke hata siku moja ni kusimama kwa mguu ulioumia. Anza unapopiga mswaki. Ukiweza nusu dakika bila kuyumba, sogea karibu na ukuta ufumbe macho, nawe utashangaa jinsi kifundo kitakavyotetemeka. Mtetemeko huo ni misuli na neva zikijifunza upya kazi yake. Kisha simama juu ya blanketi lililokunjwa, na mwisho rafiki yako akurushie mpira ukiwa umesimama hivyohivyo. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno. Ukiamka asubuhi kifundo kimevimba, jana ulizidisha; punguza, usiache.

Utarudi uwanjani utakapoweza kunyanyuka kwa vidole vya mguu huo mara nyingi sawa na ule mwingine, kuruka kwa mguu mmoja mbele na pembeni kwa umbali unaokaribiana, na kukimbia ukichora nane bila kuogopa kona. Ukiona bado unaukwepa mguu unapotua, muda haujafika. Hata ukirudi, anza na mazoezi mepesi kabla ya mechi, na msimu mzima uvae kifungio cha kifundo chenye kamba. Kinapunguza sana kuteguka tena.

Mwalimu nimemwandikia pia, hutalazimika kujieleza mbele ya wenzako. Kifungio kimo kwenye kifurushi hiki pamoja na tyubu. Jumapili, goti likiwa limegusa ukuta, pima umbali wa wayo na ukuta, miguu yote miwili, kwa vidole vya mkono, uniandikie tofauti ni vidole vingapi.

Mama yako