Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: rangi mbili haziponyi nyanya

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Ilula, Kilolo. Wiki iliyopita nilimkuta jirani yangu amekalia ndoo, anafungua vidonge vya rangi mbili kimoja kimoja na kumwaga unga wa njano kwenye bomba la kupulizia la lita 16. Tetrasaiklini, antibayotiki ile ile ya zahanati. Aliuziwa duka la pembejeo baada ya kusema tu kwamba nyanya zinanyauka. Zinanyaukaje, hakuulizwa.

Sikumcheka. Mwaka juzi nilifanya hivyo hivyo, nusu eka ikaisha.

Ule ulikuwa mnyauko wa bakteria. Vimelea vyake hukaa udongoni, huingilia mizizini na kuziba njia za maji ndani ya shina, kwa hiyo kupulizia majani ni kumnawisha uso mtu anayeumwa tumbo. Kuutambua ni kazi ya dakika chache. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji masafi, tulia. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, ndio wenyewe. Zisiposhuka, huenda ni fangasi, na tetrasaiklini haiwagusi fangasi.

Najua zipo nchi zinazopulizia antibayotiki mashambani. Wajapani walitengeneza kasugamaisini kwa ajili ya ukungu wa mpunga. Wamarekani walianza kupulizia streptomaisini, dawa ya kifua kikuu hiyo, kwenye mapeasi na matufaa miaka ya 1950. Kufikia 1971 bakteria wa mapeasi kule California walishaizoea. Na wale walikuwa na vipimo na wataalamu. Sisi tunakisia kwa kizibo cha chupa.

Wakaguzi wako waziondoe dawa za binadamu kwenye maduka ya pembejeo, sawa. Ila ukiishia hapo, zitauzwa chini ya meza. Ninachoomba hasa ni glasi ya maji juu ya kila kaunta, na muuzaji aliyefundishwa kudai shina kabla ya kupokea hela. Nyuzi zikitoka, amwambie mkulima ukweli: hapa hakuna dawa, ng'oa, panda mahindi, nyanya zihamie kwingine.

Bwana shamba wetu anahudumia kata nzima kwa pikipiki ambayo mara nyingi haina mafuta. Vitalu tunasia mwezi ujao. Akifika kabla ya hapo, glasi ninayo, na chai ipo.

Mkulima wa nyanya,
Ilula