Tuambiwe vikundi vya kuacha pombe vinakutana wapi

Mhariri,

Hapa Mtwapa hata mtoto wa shule atakuelekeza mangwe, yaani kilabu cha mnazi, iko wapi na ni mgema gani ana mnazi mtamu leo. Saa za baa nazo ziko kwenye sheria tangu 2010: siku za kazi ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Lakini ulizia mahali wanapokutana watu wanaotaka kuacha pombe, siku gani, saa ngapi, uone kama kuna atakayekujibu.

Nilikuwa nikimtafutia mdogo wangu. Ni fundi wa kuezeka makuti, na mikono yake inasifiwa hadi Kikambala. Alianza na mnazi, akaingia kwenye chang'aa, ikafika asubuhi hawezi kupanda paa mpaka apate glasi. Aliposema mwenyewe kuwa yamemshinda, nilitaka tuanze siku ileile, maana moyo wa mlevi hukubali leo, kesho ukageuka. Binti yangu alitafuta kwenye simu akapata orodha ya vikundi. Tukapanda matatu hadi Nyali. Geti limefungwa, bawabu akatuambia watu hao hawajakutana pale tangu wakati wa korona. Namba iliyoandikwa, ukipiga, haipatikani. Mdogo wangu akasema tu, "Dada, turudi." Jioni ile alikuwa mangweni.

Najua siri ndiyo nguzo ya vikundi hivi. Tangu Alcoholics Anonymous, ushirika wa vikundi hivi, uanzishwe mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na dalali wa hisa na daktari mpasuaji waliokuwa wote wawili walevi, mtu hutaja jina lake la kwanza basi, na ya chumbani hubaki chumbani. Ni sawa kabisa. Lakini siri hiyo ni ya mtu, si ya mlango. Siku, saa na jengo vinaweza kubandikwa zahanati, ofisi ya chifu, msikitini na kanisani bila kumwaibisha yeyote. Na kikundi kikihama, karatasi ya zamani ibanduliwe siku hiyohiyo. Mtu aliyejikaza akafika mlangoni akaukuta umefungwa, huenda asijaribu tena.

Hapa pia niseme nililofundishwa na muuguzi, na naomba kila nyumba yenye mnywaji ilisikie. Anayekunywa kila siku msimfungie ndani mkamnyima pombe ghafla. Aweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kushikwa na kifafa, hata kufa. Aonwe na daktari kwanza. Namba ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haikatwi pesa, nao wanatoa ushauri. Kituo cha kulazwa ni kizuri kwa anayekiweza, ila kwa mwezi hudai makumi ya maelfu ya shilingi, ambayo muuza mahamri kama mimi sina. Kikundi hakina ada. Sharti lake ni moja: uwe unataka kuacha kunywa.

Mwishowe tulikipata kimoja mjini Mombasa, kwa kuelekezwa na mtu wa mtu. Ni chumba nyuma ya kanisa, viti vya plastiki, na thermosi ya chai ya tangawizi. Siku hiyo familia waliruhusiwa kukaa. Mdogo wangu alipewa kikombe, mikono ikatetemeka hadi chai ikamwagika kwenye suruali. Mzee aliyekaa pembeni yake hakusema neno. Alikichukua kikombe, akakipunguza nusu, akamrudishia. Baadaye mzee huyo alieleza jinsi mkewe alivyokuwa akimvua viatu kila usiku, na mdogo wangu, ambaye kwetu hukaa kimya, akaanza kuitikia kwa kichwa.

Ndugu zangu Waislamu wengi wataona haya kuingia uwanja wa kanisa. Nasi ni Waislamu, tuliingia. Kikundi si mali ya kanisa. Ni mpangaji tu, na hatua zao kumi na mbili zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomfahamu. Hata hivyo ningefurahi kuona chumba cha madrasa au ukumbi wa kijamii ukitolewa kwa saa moja tu kwa wiki, mtu achague panapomtuliza.

Kilichotutatiza zaidi ni lugha na nauli. Mazungumzo mengi yalikuwa ya Kiingereza, na mzee yuleyule akawa anamnong'oneza mdogo wangu tafsiri. Mtu anayelipwa kwa kibarua hawezi kwenda mjini na kurudi kila wiki. Pwani tumepata kliniki za methadoni, dawa ya kuwasaidia watumiaji wa unga (heroini) kuuacha, Malindi na Kisauni, na ni jambo la kushukuru. Mnywaji wa mnazi naye anahitaji mahali karibu na kwake, pa Kiswahili.

Kwa utaratibu wao, wawili au watatu wakikutana ili waache pombe, hicho tayari ni kikundi. Kwa hiyo namwomba mwenye chumba hapa Mtwapa, awe imamu, mchungaji au mwenyekiti wa nyumba kumi, ajitokeze. Nawe Mhariri, utupe kona ndogo kila wiki ya kutaja mahali, siku na saa. Mdogo wangu na mzee yule wamekubali kukianzisha kikundi. Chai na mahamri nitaleta mimi.

Jina nimeomba lihifadhiwe,
Mtwapa, Kaunti ya Kilifi