YAH: MCHE WA BATI "SAFI" WENYE MADINI YA RISASI

Kwa Meneja Mkuu,

Nawaandikia kwa heshima, ingawa Jumanne dukani kwenu Kampala mimi sikuipata.

Mche wa nusu kilo mliouniuzia kwa shilingi 90,000 umeandikwa bati safi la vyombo vya chakula. Nilisugua trei zangu sita za mikate mpaka zikang'aa, nikazipasha moto, nikazipaka dawa ya kushikisha bati, nikatia bati na kulitandaza kwa pamba kama marehemu baba alivyonifundisha kule Arua. Zilipendeza. Nikaingiza moja tupu kwenye oveni, nyuzi 200, kuijaribu. Bati lote likateleza, likajikusanya pembeni. Bati safi haliyeyuki mpaka nyuzi 232! Inayoanza kulainika kwenye 183 ni lehemu ya mafundi redio, yenye risasi. Nyinyi ndio wauza madini, hilo mnalijua.

Niliporudisha mche, kijana wenu wa kaunta hakuugusa. Alisema mbele ya foleni nzima: "Nyabo, rudi jikoni. Madini tuachie wanaume." Binti yangu wa miaka tisa alikuwa amenishika mkono.

Risiti ninayo. Kabla ya maneno hayo nilimwomba kijana huyo aukunje mche asikilize, maana bati safi likikunjwa hulia, na mche huu ni bubu. Nikausugua mwenyewe kwenye karatasi, ukaacha mstari wa kijivu kama penseli. Hapo ndipo aliponiambia nirudi jikoni. Tena aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunjakunja, akaitupa chini, akaita, "Mwingine aje!" Watu wakacheka. Aliyeinama kuiokota ni binti yangu.

Mikate yangu huliwa na watoto wa shule. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, wala hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Nilikuja kudai pesa zangu tu. Sasa nataka 90,000 zangu, bei ya trei sita ambazo siwezi tena kuziokea, na kijana huyo amwombe radhi binti yangu kwenye kaunta ileile. Miche yote iliyobaki iondolewe rafuni leo hii. Ijumaa ikipita kimya, kipande kilichobaki na ile karatasi vitafika UNBS, shirika la viwango la Uganda, na mimi nitakwenda kwa wakili.

Mteja wenu wa miaka mitano,
Mwoka mikate, Kampala