Barua ya wazi kwa mabinti watunzi na walimu wa kwaya wa Dar es Salaam

Mabinti zangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Juzi mjukuu wangu karudi mazoezini na karatasi ya nota za sol-fa, zile za do-re-mi, sauti nne, kopi ya kopi hadi mstari wa besi hausomeki. Juu, pale linapokaa jina la mtunzi, mashine imekata. Wimbo naujua, na aliyeutunga ni mmoja wenu. Kwenye kwaya ile wanasema mtunzi hajulikani.

Ndiyo maana nataka mumjue mtunzi mwenzenu, Florence Price. Alizaliwa Little Rock, Arkansas, Marekani, mwaka 1887, mama yake naye mwalimu wa muziki. Alihitimu chuo cha muziki Boston mwaka 1906, akarudi kwao kufundisha. Chama cha walimu wa muziki cha jimbo kikamkatalia uanachama kwa sababu ni mweusi. Mwaka 1927, baada ya mauaji ya kibaguzi mjini kwao, familia ikahamia Chicago. Huko ndoa ikavunjika, akalea mabinti wawili kwa kufundisha piano na kupiga kinanda kwenye majumba ya sinema za kimya.

Januari 1931 akavunjika mguu. Hawezi kutoka, basi akakaa kuandika simfonia yake ya kwanza, utungo mrefu wa kupigwa na orkestra nzima. Baadaye akaandika kwa utani, akiuliza lini atabahatika kuvunjika tena! Mwanamke aliyewahi kutafuta sauti ya alto huku maharage yanaungua anamwelewa vizuri sana. Simfonia hiyo ilishinda tuzo ya Wanamaker ya watunzi weusi mwaka 1932, dola 500, na tarehe 15 Juni 1933 Orkestra ya Simfonia ya Chicago ikaipiga. Hakuna mwanamke mweusi wa Marekani aliyekuwa amepigiwa simfonia na orkestra kubwa kabla yake. Sehemu ya tatu aliiita Juba, ngoma ya watumwa waliojipiga makofi na mapaja.

Mngedhani milango ilifunguka. Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa orkestra ya Boston, akitaja vikwazo vyake viwili, jinsia na rangi. Simfonia za Florence huyo bwana hakuzipiga. Florence akafariki mwaka 1953.

Mwaka 2009 watu walionunua nyumba chakavu huko St. Anne, Illinois, iliyokuwa yake ya kupumzikia, walikuta mti umetoboa paa. Kwenye kona iliyobaki kavu kulikuwa na marundo ya karatasi: konseto mbili za fidla (tungo ambamo fidla moja huongoza orkestra), simfonia ya nne, na kazi nyingine nyingi. Wengi husimulia kama muujiza. Mimi inanichoma. Miaka 56 kazi ya mtu inategemea maji ya mvua yataangukia upande gani! Simfonia zake mbili, ya kwanza na ya tatu, zilipata tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 2022 kupitia Orkestra ya Philadelphia.

Sasa nyinyi. Nyimbo zenu ziko kwenye simu. Simu ikichomolewa kwenye daladala la Mbagala, wimbo umekwenda nayo. Andikeni, kwa sol-fa au kwa nota za mistari mitano, vyovyote. Jina kamili na tarehe viwe kwenye kila ukurasa, tena katikati ya nota, si pembeni. Nakala moja isikae nyumba moja na nyingine. Mafuriko ya Jangwani mnayajua. Sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na mwanao mmoja ajue bahasha iko wapi, maana ndugu wakigawana vyombo baada ya msiba, karatasi huwashiwa jiko.

Kuhusu muda, msisubiri kuvunjika mguu. Dai saa mbili zako Jumamosi, mlango ufungwe. Baba watoto akilalamika chakula kimechelewa, mpe namba yangu.

Mama yenu,
mwalimu mstaafu, Temeke