Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kupanda Miti kwenye Udongo wa Mbuga

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja: miche mingi inayopandwa kwenye mbuga zetu hapa Shinyanga, yaani tambarare za udongo mweusi, haifi kwa kiu. Inafia majini, mizizi ikikosa hewa.

Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa, hupasuka ukikauka, na hupitisha maji polepole mno. Shimo la sentimita 60 lililojazwa samadi na udongo laini hugeuka mtungi: maji huingia upesi, hayatoki. Kokoto chini ya shimo hazisaidii, maana maji bado hayana pa kwenda. Mche hunyauka na majani kuwa ya manjano ilhali udongo umelowa. Mwenye shamba huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza. Ukiung'oa, mizizi ni myeusi, laini, inanuka kama yai viza.

Kamati inataka kila mmoja apime kwanza. Chimba shimo la sentimita 30 kwa upana na kina, lijaze maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha pima kwa rula. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, panda juu ya tuta.

Tuta liwe na upana wa mita 1.5 na kimo cha sentimita 30 hadi 40, kwa udongo wa juu wa hapohapo; mboji isizidi robo. Tifua kwanza ardhi ya chini kwa uma, la sivyo mizizi itagota kwenye tabaka gumu. Ondoa kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) chote na ukate mizizi iliyojizungusha. Shingo ya mche, pale shina linapoanza kugawanyika kuwa mizizi, ipandishwe sentimita 5 juu ya udongo, kwani tuta hushuka likishiba mvua.

Usifanye kazi hii udongo ukiwa mbichi. Jembe hulainisha kuta kama chungu kilichopigwa msasa, na mizizi haipenyi. Finyanga donge, libonyeze kwa kidole gumba: likimeguka, panda, likinata, subiri.

Tuta lina udhaifu wake, hukauka haraka kiangazi. Tandaza nyasi unene wa sentimita 8, mbali na shina kwa sentimita 10 (mchwa hawahitaji daraja). Nyufa zikitokea zijazwe udongo mkavu, kwani hukata mizizi midogo. Kabla ya kumwagilia, chimbua kwa kidole. Kukiwa na unyevu, acha.

Kuhusu aina: migunga na mipera huvumilia mbuga. Mparachichi na mpapai hauvumilii hata siku chache za maji yaliyotuama. Anayeagiza parachichi msimu huu alete kwa katibu matokeo ya kipimo cha shimo. Bila hayo, agizo halitapokelewa.