Mheshimiwa Waziri, tuoneshwe ramani kabla ya bikoni

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi na makaazi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum, Mheshimiwa.

Nakuandikia kutoka Magharibi B, katika mtaa ulio baina ya Fuoni na Kijitoupele, ambao barabara mpya inasemekana itaupitia. Nasema "inasemekana" kwa sababu ramani yenyewe hatujaiona. Tulichokiona ni bikoni, zile alama za saruji za wapimaji.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, watu wako makazini na watoto wako skuli. Walikuja vijana wanne na mashine ya kupimia yenye miguu mitatu, wakachimba, wakamimina saruji, wakapaka rangi nyekundu, wakaenda zao. Bikoni moja imekaa uani kwa jirani yangu, mama mtu mzima, mjane, katikati ya jiko lake la kuni na kisima. Aliwauliza, "Wanangu, hii ni ya nini?" Wakamjibu kwa adabu, "Bibi, sisi tumetumwa kupima tu." Tokea siku ile, kila asubuhi akifagia uwanja huizungusha fagio pembeni, na magharibi ikiingia huifunika kwa ndoo ili wajukuu wasijikwae gizani. Kibaraza alichokuwa akikijenga amekiacha njiani. Matofali yamerundikwa ukutani na yameanza kuota ukungu. Kila apitaye humuuliza kama ni yeye atakayevunjiwa, naye hana la kujibu. Mimi pia sina la kumwambia, na ndiyo sababu ya barua hii.

Barabara hatuikatai, Mheshimiwa. Tumeililia kwa miaka. Mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu usiku wa mvua, gari ikashindwa kuingia, wanaume wakambeba kwenye kiti mpaka kwenye lami huku maji yakiwafika magotini. Mtu aliyeuona usiku ule hawezi kusimama akapinga barabara. Tunachoomba ni kuoneshwa ilikochorwa, na kusikilizwa wakati kalamu bado inaweza kusogea.

Mtaa wetu haukupimwa na mtu. Hapa palikuwa mashamba, mengi yao eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi. Wazee wakafariki, warithi wakagawana, kila mmoja akakata kipande akauza, na karatasi ya mauziano ikashuhudiwa na sheha. Hivyo ndivyo tulivyokaa. Sensa ya 2012 iliuhesabu Mkoa wa Mjini Magharibi kuwa na watu 593,678. Ya 2022 ikaukuta na watu 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka 10, na sehemu kubwa wamekuja kukaa huku pembezoni, maana mjini hakuna tena pa kuweka hata banda. Najua wapo watakaosema: mlijenga ovyo, sasa mnataka kuulizwa? Tulijenga palipopatikana, kwa fedha tulizokuwa nazo, na hakuna aliyekuja na ramani kabla yetu. Ardhi ni ya Serikali, hilo hatulibishi. Lakini nyumba, visima na miti iliyo juu yake ni jasho letu, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda mali ya mtu isichukuliwe bila fidia.

Nataka nikueleze habari ya maji, kwa sababu hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Bikoni zimefuata bonde. Kwa anayeangalia kutoka juu, bonde lile ni mahali pazuri pa kupitisha barabara: pamenyooka na hapana nyumba nyingi. Hapana nyumba nyingi kwa sababu ni njia ya maji. Masika yakikaza, kuanzia Machi mpaka Mei, maji hushuka kutoka pande mbili. Upande mmoja yanakuja mekundu, yamebeba udongo. Upande wa pili yanakuja meusi, kwa sababu yamepita kwenye makaro ya watu. Hukutana chini ya mwembe mkubwa, yakasimama hapo siku mbili tatu, kisha yakatafuta njia nyuma ya chuo cha Kurani cha watoto. Ukija nyumbani kwangu nitakuonesha mstari wa maji ukutani. Uko kiganja kimoja chini ya swichi ya taa. Nimepaka chokaa mara tatu na kila mara unajitokeza tena.

Sasa barabara ikijengwa juu ya bonde lile itabidi ipandishwe tuta, na tuta bila ya makalvati ya kutosha, yaani njia za kupitishia maji chini ya barabara, ni ukuta wa bwawa. Barabara itakuwa kavu na sisi tutakuwa ndani ya maji. Sote tunalijua ziwa la Mwanakwerekwe, lilivyokuwa likijaa mvua zikishika mpaka magari yakashindwa kupita. Mhandisi anaweza kupiga hesabu ya maji kwa mvua na mteremko, na hesabu yake naiheshimu. Lakini pale nyuma ya chuo pana mtaro uliofukiwa na mtu aliyejenga ukuta, na kwenye picha ya angani hauonekani. Anayeujua ni mzee mmoja wa mtaa wetu aliyeuchimba kwa jembe lake ujanani. Angeulizwa, angetembea na fimbo yake akaonesha hapa, na hapa, na hapa. Mpaka leo hajaulizwa.

Halafu kuna watoto. Skuli iko ng'ambo ya pili ya bonde, na asubuhi watoto wanavuka kwa makundi, wadogo wameshikwa mikono na wakubwa. Mchana wengine wanarudi, wengine wanakwenda, kwa sababu skuli ina mikondo miwili, kisha baada ya alasiri wanavuka tena kwenda chuoni. Barabara pana ya lami ikipita pale, daladala na bodaboda zitakwenda mbio. Kivuko kikiwekwa mahali palipopendeza kwenye mchoro, mita mia mbili kutoka njia ya watoto, hakuna mtoto atakayezunguka kukifuata. Atavuka pale alipozoea. Akina mama wanaouza mihogo na samaki wa kukaanga jioni wanajua hasa ni wapi, kwa sababu wanakaa pale kila siku ya Mungu. Na wao pia wanahitaji kujua watakaa wapi, isije ikawa barabara imekwisha leo, kesho wakaja kufukuzwa ukingoni.

Najua nitajibiwa kwamba sheha alijuulishwa. Sheha wetu ni mtu mwema na tunamheshimu. Lakini sheha ameteuliwa kuiwakilisha Serikali kwetu. Hajui jiko la nani liko wapi, wala hawezi kukubali kwa niaba ya ua wa mtu. Kumjuulisha sheha ni kupiga hodi. Mazungumzo yanabaki pale pale, hayajaanza.

Mji wetu, Mheshimiwa, umechorewa mipango mara nyingi. Mwaka 1923 alichora Lanchester, Muingereza. Mwaka 1958 ukaja mpango mwengine wa wakoloni, 1968 wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, 1982 wa Wachina. Yale majumba marefu ya Michenzani yametoka katika fikra ya Wajerumani wale. Yamewapa watu wengi nyumba za mawe zenye umeme na maji, na hilo sitalidharau hata siku moja. Ila wazee wa Ng'ambo, ile sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, wanaosimulia vijumba vya udongo vilivyobomolewa kupisha majumba yale, wanasimulia pia majirani waliotawanyika wasijuane tena. Mipango yote hiyo ilichorwa na watu ambao hawakuwa na nia ya kulala katika mitaa waliyoichora.

Kisha ukaja mpango wa Ng'ambo Tuitakayo. Kuanzia 2014, watu wa mipango miji wetu wenyewe, pamoja na wenzao wa mji wa Amsterdam na shirika la African Architecture Matters, waliingia mitaani wakawauliza wakaazi: mnapenda kukaa wapi jioni, barza gani ina historia, uwanja gani msingependa uguswe. Majibu yakaingia katika mpango. Litazame jina lenyewe: "tuitakayo". Mwenye kutaka ni sisi. Mimi nauliza kwa moyo safi, kwa nini yaliyowezekana Kikwajuni na Michenzani yasiwezekane Fuoni? Huku nako kuna barza. Kuna makaburi ya watu wetu chini ya mibuyu, kuna visima vilivyochimbwa kwa sadaka, na hivyo vyote viko karibu na mstari wa bikoni.

Naomba ramani ibandikwe mahali watu wanapopita, si ofisini tu: msikitini, skuli, kwenye kituo cha daladala, iandikwe kwa Kiswahili na ioneshe majina tunayoyatumia sisi, ili mtu aikute nyumba yake kwa kidole. Mkutano ufanyike baada ya laasiri au baada ya sala ya ishaa, siku ambayo waendao kazini wapo. Na wanawake wapewe nafasi ya kusema peke yao kwanza, kwa sababu nimehudhuria mikutano mingi na najua nani husema na nani hukaa nyuma akanong'ona, na yule wa nyuma ndiye anayejua kisima kinakauka mwezi gani. Tukisema jambo, liandikwe, na tukirudi mara ya pili tuambiwe lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Tukikataliwa na sababu tukapewa, tutavumilia. Anayeguswa nyumba au miti ajuulishwe kwa maandishi, ajue thamani iliyowekwa na pa kwenda kama hakuridhika, kabla ya greda kuwashwa.

Nalo hili la mwisho ni dogo. Watu wengi wetu hawasomi ramani, wala si aibu. Barabara ichorwe chini kwa chokaa, upana wake wote, pamoja na mitaro na hifadhi yake, kutoka mwembeni mpaka nyuma ya chuo. Tutembee juu yake sote, wewe, wahandisi wako, mzee wa mtaro, akina mama wa mihogo, na jirani yangu mjane. Kwa saa moja tu tutakuwa tumesemezana zaidi kuliko miezi yote hii.

Tumekubaliana mtaani kwamba Jumamosi yoyote utakayoichagua, baada ya laasiri, tutakuwepo chini ya mwembe. Vijana wameshanunua mifuko miwili ya chokaa, imewekwa barazani kwangu. Kamba ya kupimia tunayo. Tunasubiri utuambie upana.

Wako katika ujenzi wa nchi,

Mkaazi wa Magharibi B, Unguja

Nakala: Mwakilishi wa Jimbo, Diwani wa Wadi, Sheha wa Shehia