Hizo nyimbo zako za usiku

Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, hofu ni kwako tu. Yale mambo ya dhumuni na madhumuni tuliyofundishwa shuleni nayaruka, maana umeniuliza swali na nimekaa nalo wiki mbili. Umesema tangu uachike hulali bila kusikiliza zile nyimbo za kilio, simu sikioni mpaka saa nane za usiku, na dada yako anakwambia unajitia wazimu kwa mkono wako mwenyewe. Unataka kujua kama ni kweli.

Ningekuandikia maneno mawili ya kukupoza nikamaliza. Lakini mwaka huu nimeyaona mambo ndani ya nyumba hii, na sasa nikisikia mtu anasema "muziki ni starehe tu" namwangalia mara mbili.

Baba alipopata kiharusi, upande wa kulia ulilala wote, na maneno yakamwisha. Kusikia anasikia, akili yake iko palepale, ila neno halitoki. Akitaka maji anasema "hii, hii", tunamletea shuka. Anatikisa kichwa, tunamletea kofia. Mwishowe anapiga ukuta kwa mkono wa kushoto na machozi yanamtoka, na unajua Baba si mtu wa kulia.

Basi jioni moja niko uani naosha vyombo, nimeegemeza simu kwenye ndoo, nimeweka wimbo wa zamani wa Atomic Jazz, ile bendi ya hapahapa Tanga. Nimeuweka kwa ajili yangu, wala sikuwa na nia ya kumtibu mtu. Nyuma yangu nikasikia sauti. Nikadhani ni mpita njia. Mwanaidi, ni Baba, kwenye kiti chake cha kamba, anaimba! Ubeti mzima, sauti inakwaruza lakini maneno yamenyooka, hata kile kikohozi cha mwimbaji amekiweka. Sikugeuka, nisije nikamkatiza. Wimbo ulipoisha nikamwuliza, "Baba, nikupe nini?" Akasema, "Hii, hii."

Nilipomsimulia yule dada anayekuja kumfanyisha mazoezi, hakushangaa hata kidogo. Akasema kwa watu wengi kazi ya kupanga maneno iko zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko Baba alikoumia. Kuimba kunaushirikisha sana na upande wa kulia, ambao kwake ni mzima. Kumbe madaktari wa Boston, Marekani, walishatengeneza njia ya kufundisha wagonjwa kusema kwa kuwaimbisha, tangu 1973, wewe na mimi hatujajua hata kufunga kanga. Unaligawa neno, unalipa sauti ya juu na ya chini, na mgonjwa anagonga kwa mkono wa kushoto kila silabi. Tukaanza: ma-ji, ma-ji, anajigonga gotini. Ilituchukua wiki tatu kupata "maji". Wiki ya nne tukapata "chai", na ya tano akalipata jina la kaka Salimu, kwa kumfokea.

Huyo Salimu naye tulikosana. Yeye alikuwa ameweka kaswida mchana kutwa, kwamba mzee katika hali ile anahitaji dua, si magitaa. Sikumlaumu, ana haki yake. Lakini nilikuwa nimesoma habari ya Finland, 2008: wagonjwa wa kiharusi waligawanywa makundi, wengine wakasikiliza muziki kila siku kwa miezi miwili, wengine vitabu vilivyosomwa kwa sauti, wengine wakaachwa na matibabu ya kawaida. Wale wa muziki kumbukumbu yao ya maneno na umakini wa akili vilirudi vizuri kuliko wenzao, na majonzi yalipungua. Ila muziki wenyewe walijichagulia. Hapo ndipo nilipomshika kaka yangu: tumwulize mwenyewe. Baba akajibu kwa kidole, na tukaafikiana. Asubuhi Yasini, jioni Atomic na wenzao Jamhuri Jazz, na wote tumenyamaza.

Usifikiri kila kilio cha spika ni dawa, lakini. Yule dada alikuwa anampigia makofi Baba atembee, kofi moja hatua moja, na kweli mguu uliokuwa unaburuzwa ulianza kuinuka, kwa sababu ubongo ukisikia mdundo unaoenda sawasawa, sehemu zinazoendesha viungo huamka hata kama umekaa. Ndiyo maana kidole cha mguu kinacheza chenyewe kwenye harusi ya watu. Sasa mwanangu wa mwisho akaona makofi ni ushamba, akaweka singeli, ule mdundo wa mbio. Mzee alipiga hatua mbili, ya tatu nusura atukumbize wote kwenye sinia la mchele. Tumerudi kwenye makofi.

Haya, nije kwako.

Unauliza kwa nini huwezi kuacha. Huko Montreal, Kanada, mwaka 2011, watafiti waliwapigia watu nyimbo wanazozipenda wenyewe, zile za kusimamisha vinyweleo, huku wanawapiga picha za ubongo. Wakaona ubongo unamwaga dopamini, kitu kilekile kinachomwagika mtu mwenye njaa anapopata chakula. Na haikungoja ile sehemu tamu ya wimbo ifike. Ilianza kumwagika kabla, mtu akiwa bado anaingojea.

Lakini hilo sisi tulilijua tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Kumbuka taarabu za enzi za Black Star na Lucky Star: gitaa linazunguka, mwimbaji hajafungua hata kinywa, kibwagizo kiko njiani, na tayari wanawake wamefungua mikoba kutafuta noti za kutunza. Mama yangu, Mungu amrehemu, yeye alikuwa anainuka kabla ya wote, anakwenda mbele kwa mwendo wa kujishaua, anafika pale jukwaani neno lenyewe linatoka. Utamu ulikuwa ule mwendo. Nawe usiku unafanya hivyohivyo. Wimbo unaujua wote, unapangojea pale pa kulia, unapafikia, unalia. Mwili unapenda njia inayoijua.

Halafu si wimbo wowote, ni za mwaka ule wa harusi yako. Nyimbo tulizozisikia tukiwa wasichana ndizo zinazokaa ndani kuliko zote, na zinakuja na mzigo wake: harufu ya udi, rangi ya kanga, na sura ya mtu ambaye leo hutaki kumtaja. Mtu mwingine akiusikia wimbo uleule anaendelea kumenya vitunguu. Kwa hiyo dada yako akikwambia wimbo una sumu, mwambie wimbo ni uleule kwenu nyote wawili.

Na kulia kwa wimbo mimi silaumu. Mama alipofariki sikulia msibani. Nilikuwa napakua wali, nahesabu sahani, nawatafutia wageni mikeka. Zilipita siku arubaini na kitu, nikapanda bajaji kwenda Makorora, dereva amefungulia redio, ukapigwa wimbo mmoja aliokuwa akiupenda. Nililia mpaka yule kijana akasimama kando ya njia akazima injini, redio akaiacha. Nauli alikataa. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikalala usingizi wa mtoto. Yale machozi yalikuwepo, wimbo uliyafungulia mlango tu.

Lakini shoga, mimi nilishuka kwenye bajaji. Wewe husemi unashuka. Unasema wimbo ukiisha unaurudia, na katikati yake unapanga tena yale maneno ungemjibu siku ile, na mama mkwe angesema hivi, nawe ungesema vile. Waliochunguza mambo haya wameona kwamba mtu mwenye tabia ya kutafuna wazo moja usiku kucha, nyimbo za huzuni humzidishia uzito hata kama mwenyewe anadhani zinamliwaza. Kwa hiyo dada yako amekosea kuulaumu wimbo, na kuna sehemu hajakosea, samahani.

Nikuombe jambo moja. Juzi jirani wa nyuma alikuwa na shughuli, maspika yamegeuzwa kwetu, mabati yanatetemeka, Baba amekunja uso tangu magharibi. Saa tano umeme ukakatika. Ukimya ulioingia pale, Mwanaidi, tulishusha pumzi sote kwa pamoja kama tuliokubaliana, na Baba akafumba macho akitabasamu. Nikakumbuka kitu nilichosoma cha watafiti wa Italia, 2006: muziki wa kasi unapandisha pumzi na mapigo ya moyo, wa taratibu unavishusha, lakini walipoukatiza kwa dakika mbili za kimya, watu walitulia kuliko hata kabla haujaanza. Basi leo usiku sikiliza wimbo wako, mmoja, ulie ukitaka. Ukiisha, simu iweke juu ya kabati, si chini ya mto. Kaa na kile kimya, usikilize pumzi yako inakwenda wapi. Ikishuka, kheri. Ikipanda, na yale mabishano yakaanza, niandikie hapohapo, hata saa nane. Mimi kwa kumgeuza Baba niko macho. Na kama wiki zinapita hulali wala huli, nenda hospitali ukaseme na mtu. Hilo silisemi kwa utani.

Barua hii naiandika kwa mkono, mwanangu ataipiga picha akutumie, karatasi yenyewe itakuja na machungwa. Ya Muheza yameanza, matamu mwaka huu, nimempa kikapu utingo wa basi la Morogoro la kesho asubuhi. Kikapu ni cha Mama, unirudishie.

Baba anauliza naandika kwa nani. Nimemwambia, naye yuko hapa anajigonga gotini, amefika "Mwa-na".

Wako,
Zuhura